Kidogo Hicho Nionyeshe kwa Mkono

Sifa zote ni zake Mungu, ambaye kwake hakuna kitu kilicho kidogo mno kuonekana. Yeye humwona mdudu akivuka sakafu ya saruji gizani, na husikia pumzi ya mgonjwa inapobadilika kabla mwenye kumuuguza hajainua kichwa. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa mke aliyenipa kisha akamchukua, na kwa nyumba iliyotukinga mvua miaka mingi. Nimeanza na shukrani ili ijulikane kwamba hasira nitakayoieleza haikutoka katika moyo uliosahau wema.

Hasira yangu ni juu ya maneno fulani madogo. Kidogo tu. Taratibu. Polepole. Kimyakimya. Kiasi. Vijana wa mtaani wana lao, mos mos, na maana ni ile ile. Ni maneno matamu masikioni. Mtu akikuambia "polepole" unahisi amekuhurumia. Lakini nimezeekea Eastlands, na mabaya makubwa niliyotendewa huko hayakuja kwa kishindo. Yalikuja taratibu, na kila nilipofungua mdomo niliambiwa ni kidogo.

Zamani neno hilo halikunikera. Nilikuwa dereva wa lori wa kiwanda kimoja katika Eneo la Viwanda, na lango la ghala letu lilikuwa jembamba. Nikirudisha lori nyuma, utingo wangu alisimama kwenye kona ya lango akaniita: "Njoo, njoo, kidogo, bado kidogo, hapo." Mimi nilitazama kwenye kioo mikono yake miwili ikikaribiana. Kidogo chake kilikuwa na kipimo, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ukuta, na kama angekosea angebanwa yeye. Mtu anayesema kidogo akiwa amesimama kati ya lori na ukuta, huyo namwamini. Wengine wote siku hizi nawauliza wanionyeshe kwa mkono, na swali hilo nilifundishwa na mke wangu.

Tulikaa katika mtaa mmoja wa zamani upande wa Makadara, nyumba zimepangwa mstari, milango yote ikitazama njia moja. Ng'ambo ya njia kulikuwa na ukuta wa mawe. Ukipanda juu ulifika kwenye mtaro wa maji machafu ambao watu waliuvuka kwa ubao. Ukishuka chini ulifika kwenye kona, na baada ya kona ndipo barabara, na barabara ndiyo kanisa, soko na hospitali. Nyumba ya kona ilikuwa ya mzee mwenzangu kanisani. Tuliwekewa mikono kuwa wazee siku moja, tukapiga magoti bega kwa bega. Alijua kuomba. Akiomba, hata watoto walinyamaza.

Alianza na jiwe. Alilipaka chokaa akaliweka nje ya pembe ya nyumba yake, ili magari ya makaa yasiukwaruze ukuta. Hakuna aliyelaumu jiwe. Kisha pembeni mwa jiwe likaja kopo la maua, kisha makopo kadhaa. Mbuzi wa jirani alikula maua, na hapo pakapigwa vigingi na waya. Waya ukapata kutu, mtoto akachanika mguu, basi ukatolewa, yakawekwa mabati, kwa ajili ya usalama wa watoto wetu. Nyuma ya mabati kukazuka chumba, na chumbani akaingia mpangaji. Kila baada ya mvua mabati yalitengenezwa upya, na kila yalipotengenezwa yalisimama mbele kidogo ya pale yalipokuwa. Hukuyaona yakisogea. Yalikua kama ukucha.

Nilikwenda kumwona mapema, wakati bado ni vigingi.

"Ni kidogo tu, mzee mwenzangu," akaniambia. "Gari la makaa bado linapita."

Nilipokwenda mara nyingine gari la makaa lilikuwa limeacha kupita. "Lakini mkokoteni unapita," akasema. Baadaye ikawa, "Baiskeli inapita bila shida." Mwisho akanitazama kama mtu aliyechoshwa na mtoto, akasema, "Mzee, si watu wanapita?"

Wakati huohuo sukari ilikuwa imeingia katika miguu ya mke wangu. Nayo ilikuja taratibu. Kwanza alilalamika nyayo zinawaka, kisha akaacha kulalamika, tukashukuru. Jioni moja nilisikia harufu ya kuungua nikadhani ni chakula. Alikuwa amekanyaga kaa lililodondoka kutoka kwenye jiko, naye amesimama juu yake akikoroga mboga, ananisimulia habari za chama chao cha akina mama. Hakuhisi kitu. Kidonda kile hakikupona. Walimkata mguu wa kulia chini ya goti, na wa kushoto ukabaki hauna nguvu.

Hilo nililipokea. Nililia, nikaomba, nikalipokea kwa mkono wa Mungu, na mke wangu alilipokea kabla yangu. Sukari haikuniambia bado kuna nafasi ya baiskeli. Mabati sikuyapokea. Watu wa kanisa walishindwa kuelewa jinsi mtu mmoja anavyoweza kuvumilia hili akakataa lile, nami sikuona la kueleza. Moja lilitoka kwa Mungu, jingine kwa mtu mwenye nyundo.

Tulipata kiti cha magurudumu cha mama mmoja aliyefariki mtaani Burma, nyuma ya soko la nyama. Kilikuwa cha zamani, hakikunjiki, chuma chake kizito kama lango. Kitako kilikuwa kimetoboka nikakishona kwa turubai la lori. Mara ya kwanza nilipomsukuma kwenda kanisani tulipita kwenye kona na nafasi ikabaki ya kiganja kila upande. Baada ya mvua za masika tulipita akiwa amekunja viwiko. Baada ya hapo kitovu cha gurudumu kikaanza kuimba kwenye mabati. Halafu Jumapili moja kiti kikakataa.

Wanaume wa kanisa walijitolea kumbeba. Walimbeba mara mbili. Mara ya pili mmoja aliteleza, gauni likapanda mbele ya watu wanaotoka sokoni, na mtu fulani akacheka. Tulipofika nyumbani mke wangu alisema, "Baba, mimi si gunia. Sitabebwa tena." Sikubishana naye.

Basi akakaa ndani. Jumapili nilimwacha akisikiliza ibada kwenye redio, naye alivaa sare ya chama kamili, kitambaa cheupe kichwani, akaketi akiitazama redio kana kwamba ni mimbari.

Nilikwenda kila mahali pa kwenda. Kamati ya mtaa ilisema tulichukue jambo hili polepole. Mtu mmoja alitumwa na ofisi ya jiji kuja kutazama. Alikunywa chai kwenye nyumba ya kona, akatoka, akautupia ukuta wa mabati jicho, akasema naam, umesogea, lakini kiasi. Nilikwenda kwa mchungaji wetu, kijana mwenye elimu nzuri ambaye ningeweza kuwa baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika mkono wangu akaniambia, "Mzee, wewe ni mfano wetu wa uvumilivu. Tulichukue jambo hili kwa maombi, taratibu, chinichini, lisigawanye kanisa."

Nataka ieleweke jinsi sifa ile ilivyonichoma. Waliusifu uvumilivu wangu ili nisiufungue mdomo wangu. Kila aliyeniita mvumilivu alikuwa anapita kwenye kona ile kwa miguu yake miwili.

Kanisani kwetu, siku ya Meza ya Bwana, wagonjwa walipelekewa nyumbani baada ya ibada, na kila mstari wa nyumba ulikuwa na mzee wake wa kuwahudumia. Mzee wa mstari wetu alikuwa yule wa kona. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikamwona akija. Alikuwa katika suti, amebeba sinia dogo lililofunikwa kitambaa cheupe. Alipofika kwenye mabati yake mwenyewe aligeuka ubavu, akainua sinia juu ya kichwa ili kitambaa kisiguse kutu, akavuta tumbo, akapita. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyopita mlangoni kwake. Nilijishika kwenye fremu ya mlango.

"Bwana asifiwe, mama," akamwambia mke wangu.

"Asifiwe daima. Umepitaje pale na sinia?"

"Ah, nimepita tu. Kiubavu kidogo."

"Kiubavu," mke wangu akasema. "Na sinia likapita juu."

"Juu kidogo, ndiyo." Akacheka. Alidhani wanataniana.

"Basi lirudishe juu hivyohivyo. Nitakula mezani, ilipoandaliwa."

"Mama, kanisa limeruhusu wagonjwa wale nyumbani."

"Mgonjwa ni yupi humu? Mguu ndio uliokuwa mgonjwa, na walishauzika. Mimi mzima. Mimi nimefungiwa nje, na aliyenifungia ndiye huyu ananiletea mkate."

Alisema bila kupandisha sauti. Mzee yule aligeuka akanitazama, kana kwamba anataka nimtulize mke wangu. Nilimfungulia mlango. Sikuweza kumwambia Mungu akubariki, na wala sikujaribu. Alirudi na sinia lake, akaliinua tena juu pale kwenye kona.

Ilipofika tena siku ya Meza ya Bwana, mke wangu aliamka mapema akavaa sare. Nikadhani ni kwa ajili ya redio.

"Nisukume," akasema.

"Hatutapita, mama."

"Nimesema nisukume. Sijasema tupite."

Nikamsukuma. Watu wa mstari wetu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka, wengine na Biblia, wengine na mitungi, maana siku hizo maji yalikuwa yakija mara chache na bomba lilikuwa barabarani. Tulifika kwenye kona. Magurudumu madogo ya mbele yakapita. Yale makubwa yakabanwa, moja kwenye mabati, jingine kwenye ukuta wa mawe.

"Sukuma tena," akasema. Nikasukuma. Kiti kikakaza kama kabari.

"Sasa funga breki."

Nikafunga. Alifungua mkoba wake, akatoa uzi na sindano ya kufumia, akaanza kufuma.

Nyuma yetu foleni ikajaa mara moja. Kijana mmoja mwenye mtungi alichungulia juu ya bega langu. "Niaje, mathe? Kuna jam leo?"

"Iko. Simama kwenye mstari."

"Mos mos, mathe, tutapita."

"Hiyo mos mos ndiyo imetufikisha hapa," mke wangu akasema, macho kwenye uzi. Watu wakacheka. Mama mmoja alisema, "Mwacheni akae, hata mimi nimechana gauni mbili kwenye mabati haya." Mwingine akasema yeye alipoteza karai zima la nguo zilizofuliwa pale, likamwagika kwenye matope. Nikasikia watu waliokuwa wakipita kiubavu miaka yote ile, kimya, wakikumbuka kila mmoja alichochanika. Nilikasirika upya. Wote walijua. Kila mmoja alijua, kidogo.

Mlango wa nyumba ya kona ulifunguka upande wetu, nyuma ya kiti. Mzee mwenzangu akatoka katika suti yake, viatu vinang'aa, akakuta umati. Akaona kiti. Akaangalia saa.

"Mama, nakuomba. Sogea kidogo tu nipite. Mimi ndiye ninayeandaa meza leo."

"Kidogo gani?" mke wangu akauliza.

"Kidogo tu, mama."

"Nionyeshe kwa mkono."

Yule mzee hakuelewa. Mke wangu akaweka uzi mapajani, akainua viganja vyake viwili, akavitenganisha, akavikaribianisha, kama utingo wangu. "Hivi? Au hivi? Nionyeshe kidogo unachokitaka."

Mtu mzima yule, aliyezoea kunyamazisha kanisa kwa maombi, alisimama mbele ya majirani. Aliinua mikono kwa aibu, akaonyesha nafasi ya kupitisha kiuno chake.

"Nimekiona," mke wangu akasema. "Hicho ndicho na mimi ninachokitaka. Nilikuwa nacho. Kiko nyuma ya mabati yako."

Mzee akaanza kusema kwamba baada ya ibada tutaketi, tulizungumze taratibu. Hakumaliza. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni katika sare ileile ya chama, kitambaa cheupe kilekile. Alikuwa mama mpole ambaye sikumbuki kama niliwahi kumsikia akimpinga mumewe. Aliingia ndani, akatoka na nyundo.

"Baba, chukua," akasema. "Tunachelewa."

Akaichukua. Akavua koti, mkewe akalipokea. Msumari wa kwanza ulitoka kwa kelele ambayo bado naisikia nikitaka kufurahi. Kijana wa mtungi alishika bati lisianguke juu ya kiti. Bati la pili lilipotoka tukamwona mpangaji akiwa amechuchumaa katika fulana, mswaki mdomoni, sufuria ya chai ikichemka kwenye jiko la mafuta. Alitutazama sote, akautoa mswaki mdomoni.

"Karibuni chai," akasema. Hapo hata mzee wa kona alicheka.

Kiti kilipita. Nilimsukuma mke wangu mpaka kanisani tukiwa tumechelewa, na nyuma yetu mstari mzima wa nyumba, na mitungi. Mkate alipokea kutoka kwa mzee yuleyule. Mikono yake ilikuwa na kutu na mchubuko wenye damu kwenye kidole. Alipomfikia aliinama, na mke wangu akasema amina kwa sauti iliyosikika nyuma kabisa. Nilidhani hasira yangu ingeishia hapo. Nilitaka iishie hapo.

Wakati wa matangazo mchungaji alisimama. Alisema kanisa linamshukuru mzee wetu wa kona, ambaye asubuhi hiyo, kwa moyo wa upendo, ametoa sehemu ya kiwanja chake ili mama yetu mgonjwa apate njia. Akasema tumpigie makofi.

Wakapiga. Wale wale wa foleni wakapiga. Nilikaa nimekunja ngumi juu ya mapaja. Ametoa. Kiwanja chake. Mama yetu mgonjwa. Kwa maneno machache, kwa sauti ya upole, njia yetu iligeuka kuwa zawadi yake, taratibu, mchana kweupe, na hakuna aliyeona kitu kikisogea. Nilianza kuinuka. Mke wangu alinishika mkono.

"Kaa," akaninong'oneza. "Makofi hayazibi kona."

Nilikaa kwa sababu aliniomba. Lakini sikupiga makofi, na miaka yote iliyopita haijanifanya nijute.

Mzee yule baadaye alikuja nyumbani. Hakuomba radhi kwa maneno, alileta ndizi. Alimpa mke wangu mkono, naye akaupokea, nami nikaupokea baada yake, kwa kuwa tunaagizwa. Nilimsamehe mtu. Yale maneno sijayasamehe.

Hazikupita mvua mbili kabla ya mke wangu, tukirudi kutoka ibadani, kuniambia, "Baba, kuna kopo." Nikatazama. Pale pembeni, mahali pa jiwe la zamani, kulikuwa na kopo la maua. Moja tu, dogo, zuri, limepakwa rangi ya samawati. Nililiinua nikaliweka mlangoni kwa mwenyewe. Baada ya wiki chache lilirudi. Nikaliinua tena. Hatukuwahi kulizungumzia, mimi na yeye. Tulisalimiana, tukaombeana, nami nikaliinua kopo.

Mke wangu alilala katika Bwana kabla ya miaka ya tisini kwisha, akitoka na kuingia kwa njia yake mpaka siku aliyopelekwa hospitali. Kiti kilibaki. Watu waliniambia nikigawe, na mwisho nilikigawa, kwa sharti kwamba nipewe kwanza muda. Kwa muda huo, kila Jumapili kabla ya ibada, nilikisukuma kitupu mpaka kwenye kona, nikakipitisha, nikarudi nacho nyumbani. Majirani walinong'ona kwamba mzee bado anamlilia mkewe. Nilimlilia, ndiyo. Lakini pale kwenye kona nilikuwa napima.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe macho ya kuona jiwe kabla halijawa mabati. Akupe miguu, na miguu ikikuishia akupe njia, na wa kukusukuma, na mdomo wa kuuliza kidogo ni kiasi gani. Amani yake ikufikie mlangoni kwako nzima, bila kupita kiubavu, wala kupungua hata kidogo. Amina.